Maneno ya Kihispania ya mapigo ya moyo, naombeni msaada

Mkalimani_SouthB:
Wadau habari zenu. Kesho kutwa nasindikiza mama mmoja wa Peru kliniki ya moyo hapa Upper Hill, mimi ndio nitakuwa mkalimani kati yake na daktari. Kihispania cha kawaida nakimudu ila haya ya moyo sijayazoea. Anasema moyo unamwenda mbio halafu ni kama unaruka. Nijiandae na maneno gani?

Nesi_Kayole:
Jina la jumla la mapigo yasiyo ya kawaida ni arritmia. Mapigo yakizidi 100 kwa dakika na mtu ametulia tu ni taquicardia, yakiwa chini ya 60 ni bradicardia, ingawa mwanariadha anaweza kuwa na 50 na yuko fiti kabisa, kwa hivyo usimtie mama wa watu hofu. Ile inayoshika watu wengi ni fibrilación auricular, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka tu badala ya kusukuma, damu inatuama inaganda, na donge likifika kwa ubongo ni kiharusi. Huko kwao watu wengi wanakiita derrame cerebral, Uhispania utasikia ictus. Daktari akiuliza anticoagulante ni dawa za kuzuia damu kuganda, hapo tafsiri kila kitu, dozi, saa, siku alizoruka.

Teacher_wa_Kihispania:
Naongezea, mgonjwa mwenyewe mara nyingi hatasema taquicardia, atakwambia "se me acelera el corazón" (moyo unanienda mbio) ama "me salta el corazón" (moyo unaniruka). Mareo ni kizunguzungu, desmayo ni kuzimia. Tafadhali kuzimia usikulainishe, akisema desmayo usimwambie daktari eti alihisi vibaya, maana kwa moyo hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Pia infarto ni mshipa wa moyo kuziba, paro cardíaco ni moyo kusimama.

Mkalimani_SouthB:
Asanteni sana jamani. Kuna siku alijigusa hapa chini ya bega la kushoto akasema mamake alikuwa na marcapasos?

Nesi_Kayole:
Ni kile kifaa chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi kuusaidia moyo ukienda polepole sana. Kiwe kimoja au viwili neno ni hilo hilo, marcapasos. Mwambie amtajie daktari mwenyewe, mambo ya moyo ya mzazi lazima yaingie kwa faili, na kama ana karatasi za electrocardiograma (kipimo cha umeme wa moyo) za huko kwao azibebe zote.