CSRe Lanzhou: kilele cha muda kinatanuka m/q (tungamo kwa chaji) ikienda pembeni

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kwenye CSRe, pete ya kuhifadhi ioni huko Lanzhou, China, tunapima tungamo za viini vya atomi vya muda mfupi kwa hali ya isokronia (ioni zenye m/q moja huzunguka kwa muda uleule hata kasi zikitofautiana kidogo). γ ni kipimo cha Lorentz, kinachopanda na kasi; γt, yaani γ ambayo pete inaipa isokronia, ni 1.395, mzunguko mmoja kama nanosekunde 616. Viini vilivyo karibu na m/q lengwa vina kilele chembamba, ila vilivyo pungufu kwa 5% vinatanuka vibaya. Nibane mwanya unaochuja momenta za ioni, au nipoze ioni kwa elektroni ili kasi zao zikaribiane?

Jibu
Kigunduzi chako hakina kosa, mkuu. Ioni yenye kasi zaidi hupita njia ndefu zaidi, na mambo hayo mawili hufutana pale tu γ yake inapolingana na γt. Sumaku zimeshika Bρ moja (momenta kwa chaji), kwa hiyo m/q ikishuka 5%, γ inapanda hadi 1.43 hivi. Hapo mtawanyiko wa momenta wa 0.1% tu unaleta kosa la tungamo la 5 kwa 100,000. Kwa kiini chenye nukleoni 50 ni kama MeV 2.3! Mwanya unasaidia, lakini unazitupa zile ioni adimu ulizozifuata. Kupoza huchukua sekunde. Kiini cha milisekunde kitakuwa kimeshaoza.

Jibu
Naongezea: tumia vigunduzi viwili vya muda vilivyoachana mita 18 kwenye sehemu iliyonyooka. Ioni inatoboa utando mwembamba wa kaboni, elektroni zinazong'oka ndizo zinazotoa mpigo. Tofauti ya muda, kama nanosekunde 86, inakupa kasi v ya kila ioni, na C = vT (T ni muda wa mzunguko mmoja) ni urefu wa njia yake. Kwa viini vyenye tungamo inayojulikana, kokotoa Bρ kisha uichore dhidi ya C. Njia inategemea Bρ peke yake, kwa hiyo wote wanakaa kwenye mchirizi mmoja. Kiini kigeni: soma Bρ kwenye mchirizi, gawanya kwa γv, umepata m/q.

Angalia haya. Kosa la pikosekunde 50 kwa mpito mmoja ni kubwa. Mizunguko 300 inalipunguza mara 17 hivi. Ioni inapoteza nishati kwenye utando kila mzunguko, hivyo usilinganishe muda na idadi ya mizunguko kwa mstari mnyoofu, tumia polinomia. Uga wa sumaku nao huyumba: sogeza mchirizi kwa kila uingizaji.

Jibu
Na 34Ar18+ (agoni-34, chaji 18) isikuchanganye na 51Co27+ (kobalti-51, chaji 27), m/q zao karibu ni sawa. Zitenganishe kwa kimo cha mpigo: chaji kubwa hung'oa elektroni nyingi zaidi.