Tupeane uzoefu: fremu kukimbia hovyo, picha kuchanika na mashine kuchemka kwa joto la Mwanza

Mzee wa Buzuruga: Kuna mdau kwenye uzi wa kadi za grafiki kasema kuweka kikomo cha fremu, yaani picha ambazo kadi inachora kila sekunde, ni ushamba, "acha mashine ikimbie". Aje hapa. Monita za mtumba, zile za ofisini, ni 60 Hz: zinachora picha mara 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikisukuma fremu 200 huzioni 200. Unaona juu kipande cha fremu hii, katikati kipande cha nyingine, chini cha tatu. Geuza kamera haraka, nguzo za goli zinakatika kama muwa. Leteni mnayoyajua.

Sangara Mbichi: Kama muwa kweli.

Kijana wa Nyegezi: Si uwashe V-Sync, ile inayoisubirisha kadi iendane na monita, yaishe? Mnazunguka wapi?

Fundi Kirumba: Haiishi, mdogo wangu. Kwenye 60 Hz kila fremu ina milisekunde 16.7. Kadi dhaifu ikitumia 17, imekosa basi, inasubiri linalofuata kwenye 33.3. Ghafla umeshuka kutoka 60 hadi 30, na mchezo unagandaganda. Na hata kadi ikiwa na nguvu, fremu zinapanga foleni, kipanya kinakuwa kizito. Dawa yake ni hii: nenda testufo.com, soma kasi halisi ya monita yako. Ikisema 59.951, weka kikomo 59.941 kwenye RTSS, programu ya kubana fremu, halafu ndiyo uwashe V-Sync. Foleni haijai. RTSS inakuja pamoja na MSI Afterburner, na matoleo mapya yanakubali desimali. Kama mashine haifiki 60 kabisa, funga 30 kuliko kuyumba kati ya 38 na 55.

Kijana wa Nyegezi: 30 ni slaidi za mahubiri, siyo mchezo.

Fundi Kirumba: 30 iliyotulia, nimesema. Soma.

Dagaa wa Kukaanga: Mimi nasema fungua dirisha, upepo wa ziwa uingie.

Sangara Mbichi: Na wale wadudu wa ziwani waingie pia, wajazane kwenye feni. Ushauri wa adui huo.

Bandari Kusini: Mnabishania 60 mkasahau menyu! Mchezo wa StarCraft II ulipotoka 2010, ule ukurasa wa menyu haukuwa na kikomo. Hakuna vita, hakuna mlipuko, kadi inachora picha ileile mamia ya mara kwa sekunde, joto linapanda, mashine zenye upozaji mbovu zikazima. Watengenezaji ikabidi wawaambie watu waongeze mistari miwili kwenye faili la variables.txt: frameratecap=60 na frameratecapglue=30, hiyo ya pili ni ya menyu. Mkadhani watu wamejifunza? Julai 2021, majaribio ya mchezo wa New World: baadhi ya kadi za RTX 3090 zikafa, mojawapo ya sehemu zilizotajwa ni menyu. EVGA, mojawapo ya watengenezaji wa kadi hizo, wakasema kadi zao chache zilikuwa na lehemu mbovu, na mchezo ukaongezewa kikomo cha menyu. Kadi ya bei ya pikipiki, inafia kwenye menyu!

Mzee wa Buzuruga: Uzi umeshatekwa.

Sangara Mbichi: Kwenye menyu jamani 😭

Bandari Kusini: Na piga hesabu ya umeme. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya 650VA kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390. Umeme ukikatika kadi ikiwa inakimbia bila breki, UPS inalia mara moja na kuzima. Funga 60, unapata muda wa kuhifadhi. Na Luku inapumua.

Mama Gemu Igoma: Wenye monita za 144 Hz zenye G-Sync au FreeSync, yaani monita inafuata kasi ya kadi, kwanza hakikisheni Windows haijaiacha kwenye 60: Settings, System, Display, Advanced display. Watu wengi wanalipia 144 wanatazama 60. Kisha V-Sync washa kwenye Nvidia Control Panel, ndani ya mchezo zima, kikomo 141.

Kijana wa Nyegezi: 138.

Mama Gemu Igoma: 138 ni ile Reflex, kipengele cha Nvidia cha kupunguza uchelewaji, inayojiwekea yenyewe. Kwa mkono, 3 chini ya kasi inatosha.

Kijana wa Nyegezi: 138 ni salama zaidi.

Mama Gemu Igoma: Haya baba, weka hata 100. Ilimradi usiguse 144, maana ukigusa umerudi kwenye foleni ya Fundi.

Dagaa wa Kukaanga: Laptopu ikichomolewa chaja mchezo unashikilia 30. Virusi?

Fundi Kirumba: Kama ni Nvidia, angalia Battery Boost, inayobana fremu ukiwa kwenye betri. Izime au rudisha chaja.

Dagaa wa Kukaanga: Na GTA San Andreas?

Mzee wa Buzuruga: Hiyo usitoe kikomo chake kabisa. Mwendo wa mchezo umefungwa kwenye fremu. Ukikitoa, magari yanafanya vituko na kuogelea kunakuwa kwa polepole.

Dagaa wa Kukaanga: Kumbe! Mtu anaogelea kama kabeba jiwe la Bismarck.