Eti ng'ombe wa Mkwaja wamerudi! Huyu mtu wa safari za Saadani leo kanikosea adabu

Wanajamvi, mikono bado inanitetemeka. Yule mpanga safari za Saadani mnamjua, sina haja ya kumtaja, mwenye kofia ya kiua na Noah isiyofunga mlango. Leo kaniita ng'ombe. Mbele ya kikoba kizima. Mbele ya mama mkwe!

Tumetoka Tanga alfajiri na sare mpya, bluu iliyokoza, tumependeza hatari. Kumbe mbung'o wanaipenda bluu! Yeye kaziona sare tangu tunachanga hela, kanyamaza kimya. Tumefika kwenye nyasi za iliyokuwa ranchi ya Mkwaja, kioo hakipandi, mbung'o wameingia kama wamekata tiketi. Mmoja kanidunga shavuni, nikampiga kofi, kaanguka, kainuka, kanidunga tena palepale. Mimi nalia, yeye anamwaga historia: hapa walifugwa ng'ombe maelfu, nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na hawa hawa mbung'o, ikawaandama, ranchi ikafungwa 2000, 2005 ikawa ndani ya hifadhi ya taifa. Kisha kanigeukia, kacheka mpaka jino la mwisho: "Mama, hawa hawajaona ng'ombe miaka yote hiyo, ndiyo leo wamekuona wewe."

Ng'ombe! Mimi! Na mama mkwe kacheka! Shavu limevimba hadi simu imegoma kunitambua. Twiga sikumwona, bahari nimeiona kwa jicho moja. Ng'ombe, jamani!

Kijana wa Ngamiani: Dada pole. Wa maziwa au wa nyama?

Mleta uzi: Wewe na yeye mama yenu mmoja.

Bitozi Makorora: Hapo wa kufunguliwa uzi ni mama mkwe.

Mzee wa Jembe: Mbung'o anauma anaondoka. Sisi tunaopakana na hifadhi, tembo wamemaliza mahindi, wamekanyaga na mihogo. Usiku kucha napiga debe, asubuhi nakuta kinyesi tu. Nimwite nani ng'ombe?

Binti Pwani: Mzee, tembo ana nafuu, hakudanganyi. Dalali wa samaki huku Bagamoyo leo kapima changu wangu kwa macho! Mnamjua, wa fulana ya kijani.

Mleta uzi: Jamani, kaniita ng'ombe...

Bitozi Makorora: Wa fulana ya kijani? Huyo namdai tangu Ramadhani!

Binti Pwani: Njoo inbox, tumfuate wote.