Orioles wauze makinda wapate warushaji, au waendelee kulea?

Mleta mada:

Tarehe 1 Oktoba 2024 nilikuwa Camden Yards, uwanja wa timu yetu ya besiboli, Baltimore Orioles, jukwaa la juu, nikimtazama mrushaji wetu Corbin Burnes akirusha vipindi 8 dhidi ya Kansas City Royals. Aliruhusu pointi 1 tu. Tukafungwa 1-0. Kesho yake tukafungwa 2-1 na msimu ukaishia hapo. Baridi ilipoingia Burnes akasaini Arizona, miaka 6 kwa dola milioni 210. Tangu usiku ule swali moja limenikaa kooni: ghala letu la makinda, yaani wachezaji chipukizi, lilikuwa linasifiwa Marekani nzima, sasa ilikuwaje likatununulia mrushaji mmoja tu wa kiwango kile?

Naandika mwisho wa Desemba 2025, tukiwa tumetoka kwenye msimu wa ushindi 75 na vipigo 87. Nasema msimamo wangu mapema ili anayenipinga ajue pa kushika. Wengi mnasema majeruhi ndio waliotumaliza. Mimi nasema majeruhi tuliwaona wanakuja, na dawa tulikuwa nayo kabatini.

Kwa msomaji ambaye besiboli bado ni ngeni kwake: mrushaji ndiye anayeamua mchezo kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani, na ndiye anayeumia kwa muda mrefu zaidi. Timu huwa na warushaji watano wa kuanza mechi, wanapokezana, kila mmoja akipumzika siku nne au tano. Msimu una mechi 162. Wakitoka wawili kati ya hao watano, pengo halizibiki kwa hamasa.

Mike Elias, meneja mkuu anayesajili na kuuza wachezaji, alikabidhiwa timu hii Novemba 2018, mwaka ambao tulipoteza mechi 115. Akavumilia kufungwa ili apate nafasi za mbele kwenye drafti, ule mgawo wa kila mwaka wa wachezaji wapya. Adley Rutschman alichaguliwa wa kwanza 2019, Gunnar Henderson akapatikana raundi ya pili mwaka huohuo, Jackson Holliday wa kwanza 2022. Mwaka 2023 tukashinda mechi 101. Nilikuwa nalia kwa furaha, sioni haya kulisema.

Lakini watazameni hao watatu. Wote ni wapigaji. Raundi za mwanzo Elias huelekea kwa wapigaji, na mantiki yake inaeleweka: mpigaji mzuri hudumu, mkono wa mrushaji hukatika. Nakubaliana naye kabisa. Ila ukishaamua hutapanda warushaji shambani mwako, itabidi uende sokoni kuwanunua, na fedha yako ya sokoni ni hao wapigaji wa ziada. Mpango ule ulikuwa na miguu miwili. Sisi tukatembea na mmoja.

Tukumbushane ilivyokuwa. Agosti 2023 Félix Bautista, mrushaji wetu wa kumalizia michezo, aliumia kiwiko, akaukosa msimu wote wa 2024. Kyle Bradish, aliyekuwa wa nne kwenye kura za Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2023, alianza 2024 kiwiko kikiuma, akarudi Mei, akacheza mechi 8 tu, kisha akapasuliwa. John Means alipasuliwa kiwiko kwa mara ya pili. Tyler Wells naye. Juni 2024 ilipokwisha, hao watatu wa kuanza walikuwa wamekwenda kwa jeraha la aina moja. Agosti, Grayson Rodriguez akatoka kwa msuli wa chini ya bega. Aliyekuwa akitazama hayo yote alihitaji unajimu gani kujua 2025 itakuwaje?

Sasa linganisheni Desemba 2024. Boston walitoa makinda wanne kwa Chicago White Sox wakamchukua mrushaji Garrett Crochet. Mwaka 2025 Crochet alishinda mechi 18 na kuwatoa wapigaji 255 kwa mapigo matatu, tena akiwa kwenye kundi letu hili hili. Sisi baridi ileile tuliongeza warushaji wawili, Charlie Morton, miaka 41, na Tomoyuki Sugano, miaka 35. Nawaheshimu wote wawili. Lakini pengo aliloacha Burnes lilikuwa kubwa kuliko wao. Rodriguez hakurusha hata mpira mmoja wa ligi kuu mwaka mzima. Tarehe 17 Mei 2025, tukiwa na ushindi 15 na vipigo 28, kocha Brandon Hyde alifukuzwa. Kwangu mimi Hyde alilipa deni ambalo hakulikopa yeye.

Swali, basi: baridi hii wamemleta mpigaji Pete Alonso kwa miaka 5, dola milioni 155, na wamemchukua mrushaji Shane Baz kutoka Tampa Bay kwa makinda wanne na nafasi ya drafti. Waishie hapo, au wauze tena?

Mchangiaji wa kwanza:

Kaka, uchungu wako naujua, tumeketi jukwaa moja. Ila umesahau jina moja: Kyle Stowers.

Mwisho wa Julai 2024 tulifanya hasa hicho unachokitaka. Tukawapa Miami makinda wawili, Stowers na Connor Norby, wakatupa mrushaji Trevor Rogers. Rogers alianza mechi 4, akapigwa, akashushwa ligi ndogo. Stowers je? Mwaka 2025 alipiga homurani (mpira uliopigwa ukavuka uzio) 25 na akaitwa kwenye timu ya nyota. Tarehe 13 Julai alirudi hapahapa Camden Yards akatupiga homurani 3 siku moja, Miami wakashinda 11-1. Mimi nilikuwepo na mwanangu. Aliniuliza, "Baba, huyu si alikuwa wetu?" Nikakosa la kumjibu.

Na huyo Burnes unayemlilia, Juni 2025 kiwiko chake kilikatika, naye akapasuliwa. Tungemlipa hizo milioni 210, leo ungeanzisha mada nyingine ya kuwalaumu kwa kumlipa mtu aliye kitandani. Sasa unataka tutoe kijana wa miaka 23 mwenye afya, anayeweza kutuchezea miaka sita, tupokee kiwiko ambacho hujui kitakatika lini. Hata Baz alishapasuliwa mwaka 2022. Biashara ya namna hiyo, hasara inabaki kwetu siku zote.

Kuna na jambo jingine linaloniuma. Julai 2024 tulimtoa Austin Hays, tuliyemlea tangu drafti, kwa Phillies. Julai 2025 akaondoka Cedric Mullins kwenda Mets. Mashabiki tunapenda wachezaji tuliokua nao. Ukiuza kila anayechipua, jezi ya nani nimnunulie mtoto?

Mchangiaji wa pili:

Shikamooni wakubwa. Kazi yangu ni fiziotherapia, ninashughulika na viwiko na mabega ya watu wa kawaida, kwa hiyo naomba niongeze kidogo.

Kinachokatika ni kano ndogo upande wa ndani wa kiwiko, inayofunga mfupa wa mkono wa juu na wa chini. Mpira ukirushwa kwa nguvu, mkono hujipinda kwa kasi na kano hiyo hubeba mzigo ulio karibu na mwisho wa uwezo wake. Misuli unaweza kuijenga kwa mazoezi, kano haikui kwa mwendo huo. Mwaka 1974 Dk. Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa Tommy John, mrushaji wa Dodgers, akaipandikiza kwenye kiwiko chake cha kushoto. Akarudi kucheza 1976. Upasuaji ukabeba jina lake hadi leo, na mgonjwa hukaa nje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Desemba 2024 ligi yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji. Ilitaja kasi inayozidi kupanda, mizunguko ya mpira inayotafutwa kwa nguvu zote, na tabia ya kurusha kwa uwezo wa mwisho kila mara. Timu zinawalipa vijana kwa mambo hayohayo yanayowaumiza. Kwa hiyo mkubwa aliyetangulia anaposema kila kiwiko kitakatika, hayuko mbali na ukweli. Lakini mimi natoka hapo na hesabu tofauti na yake: kocha asihesabu warushaji watano, ahesabu wanane au tisa. Atakaowazika katikati ya msimu awe ameshawaweka kwenye daftari Januari.

Bradish alirudi mwisho wa Agosti 2025. Naomba sana wasimpe mzigo wote Aprili.

Mleta mada:

Dada, marahaba, na ahsante. Hiyo ya wanane au tisa ndiyo niliyokuwa naitafuta nikakosa maneno yake.

Kaka wa kwanza, Stowers ananiuma na mimi. Lakini malizia hadithi. Rogers yuleyule aliyeshushwa ligi ndogo alirudi Mei 2025, akaanza mechi 18, akawa anaruhusu wastani wa pointi 1.81 kwa kila vipindi 9. Alikuwa mrushaji wetu bora kuliko wote. Bila yeye, hizo mechi 75 tungezipata wapi? Na Stowers hapa alikuwa anacheza wapi? Kila akipanda alikuwa anarudishwa chini kwa kuwa nafasi za nje zilikuwa zimejaa. Kijana mwenye kipaji anayeozea ligi ndogo hamfaidii mtu, naye mwenyewe anapoteza miaka yake bora. Miami walimpa uwanja, akachanua. Mimi hilo namfurahia.

Tena angalia jinsi njia nyingine inavyowezekana. Julai 2025 tulimtoa Bryan Baker, mrushaji wa akiba anayeingia katikati ya mchezo, Tampa wakatupa nafasi ya 37 ya drafti. Kwa nafasi hiyo tukamchagua Slater de Brun. Desemba huyo de Brun amerudi Tampa kama sehemu ya bei ya Baz, na Baz alianza mechi 31 mwaka huu. Mkono mmoja wa akiba umegeuka sehemu ya mkono wa kuanza, ndani ya miezi mitano. Hiyo ndiyo kazi ya kinda asiye na nafasi.

Kuhusu Rodriguez, kumtoa kwa Angels kumpata mpigaji Taylor Ward, sijakubali. Ward alipiga homurani 36, sawa, lakini amebakiwa na mwaka mmoja wa mkataba, na tumepunguza mkono kwenye daftari ambalo tayari lina kurasa tupu.

Ulinzi wa kituo cha kwanza sasa ni wa Alonso. Kinda wetu Coby Mayo, anayechezea hapohapo, atasimama wapi? Na Ryan Mountcastle? Nyuma ya sahani, anapokaa mdakaji, Samuel Basallo amesaini miaka 8 kwa dola milioni 67 na Rutschman bado yupo. Henderson, Holliday na Basallo simgusi hata mmoja. Rutschman sitamuuza, jezi yake iko kwa watoto nusu ya Baltimore, hapo kaka tuko pamoja. Lakini Mayo, akipatikana mrushaji wa kuanza mwenye miaka mitatu ya mkataba na kiwiko kilichokaguliwa na dada kama huyu, ningepiga simu leo kabla ya kambi ya mazoezi ya Florida kufunguliwa Februari.

Anayesema abaki aniambie Mayo atacheza siku gani za wiki, na siku ya pili Bradish akishika kiwiko, mpira tunampa nani.