Skrubu ya kifundo cha mguu: nitajuaje kama imekaa mahali pake?

Bi Mwanamvua: Ndugu zangu, mdogo wangu alianguka na bodaboda miezi minne iliyopita, kano zinazofunga mifupa miwili ya goko juu ya kifundo zikakatika, akawekewa skrubu moja. Eksirei tumeambiwa ni nzuri, lakini akishuka ngazi hushika ukuta na kuweka miguu yote miwili kwenye kila kipandio, akisema kifundo kinabana kwa mbele. Jamaa wanashauri skrubu itolewe tu. Naombeni ushauri.

Muuguzi wa Mifupa: Pole kwa kuuguza, dada. Shika kifundo chako mwenyewe: fundo la nje liko nyuma kidogo kuliko la ndani. Kwa sababu hiyo skrubu haipigwi moja kwa moja kutoka ubavuni, bali huelekezwa mbele kwa takriban nyuzi 30, ikiwa sambamba na kiungo, sentimita 2 hadi 3 hivi juu yake. Lakini hata skrubu iliyonyooka haisaidii ikiwa mfupa mwembamba wa nje wa goko haukurudi kwenye mfereji wake ulio ubavuni mwa mfupa mkubwa kabla ya kufungwa, na kibanio cha kushikilia mifupa hiyo wakati wa upasuaji kikikaa upande huuvuta mbele au nyuma, au kuuzungusha, bila eksirei ya kawaida kuonyesha.

Baba Shani: Hayo yalinipata. Eksirei zangu zote zilisifiwa, hadi daktari mwingine alipoagiza CT (picha za eksirei za kompyuta zinazoonyesha mfupa kipande kwa kipande) ya miguu yote miwili kwa pamoja, ndipo tukaona, kwa kulinganisha na mguu mzima, kwamba mfupa umesogea mbele. Nilipasuliwa upya. Ombeni kipimo hicho kabla ya kukubali chochote.

Mzee wa Kliniki: Naunga mkono, ila nyongeza moja. Si kila skrubu lazima itolewe. Nyingi hulegea au hukatika zenyewe bila madhara. Hata hivyo, mfupa ukiwa umefungwa vibaya, kuitoa wakati mwingine huuachia urudi mahali pake. Kwa hiyo jamaa zako huenda wana hoja, lakini anayepaswa kuamua ni daktari bingwa akiwa na picha mkononi.

Bi Mwanamvua: Ahsanteni sana. Nimeshika vifundo vyangu, kweli fundo la nje liko nyuma. Ijumaa tunarudi kliniki, na nitaomba CT ya miguu yote miwili.