Waandishi wa riwaya za "binti wa Unguja ajitambua", mmesoma amri ya 1897 kweli?

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, atakayeudhika audhike.

Riwaya ni ileile kila mwaka: kijakazi, Unguja, 1897, Sultani anatangaza uhuru, binti anajifunga kanga na kwenda kuanza maisha mapya. Jamani! Amri ya Sayyid Hamoud ya Aprili 6, 1897 haikumwachia mtu yeyote papo hapo. Ilichofanya ni kuuondolea utumwa nguvu ya kisheria. Aliyetaka uhuru alikwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na bwana akadai fidia. Akishaupata, asipoonyesha pa kukaa na njia ya kujikimu, anahesabiwa mzururaji. Ndiyo maana wengi walibaki palepale kwenye mikarafuu, wakapatana na bwana: yeye ampe kipande cha kulima, wao wamfanyie kazi siku kadhaa kwa wiki. Msichana anayepiga hesabu hiyo usiku kucha ndiye wa kuandikiwa riwaya, nyie mnamruka.

Halafu mhusika mkuu mnamfanya suria, yaani kijakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Suria! Hao amri ya 1897 iliwaweka kando, ikawahesabu kama wake. Bila kuthibitisha ukatili hawapati kitu. Mlango wao ulifunguliwa 1909, na hata hapo aliyeondoka bila ridhaa ya bwana alipoteza haki ya kulea watoto wake. Suria aliyezaa na bwana haruhusiwi kuuzwa, mtoto ni huru na anarithi, mama naye anakuwa huru bwana akifa. Yaani akiondoka anaacha mtoto, akibaki anasubiri kifo cha mtu. Nyie mnampandisha jahazini anatabasamu, na mtoto aliyezaliwa sura ya saba hatajwi tena mpaka mwisho. Mhariri alikuwa wapi?

Na hilo jahazi! Linang'oa nanga Januari kwenda Maskati. Januari ni kaskazi, upepo unaoleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kurudi ni kwa kusi, kuanzia Aprili hivi. Kwa hiyo mtoro wa Januari ana miezi mitatu ya kujificha: kwa nani, na anakula nini?

Mavazi sitayamaliza, hasa mnapoirudisha hadithi nyuma zaidi ya 1897. Kanga yenye maandishi mwaka 1850? Buibui enzi za Sayyid Said, Sultani wa miaka hiyo? Mjakazi wa wakati ule mvalisheni kaniki au merikani, basi.

Tena mjakazi huyo wa 1850 anaandika shajara kila usiku. Sayyida Salme, binti wa Sultani mwenyewe, alifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Huyu wenu karatasi, wino na mwalimu kavitoa wapi?

Mwenye riwaya iliyopatia walau suala la suria aitaje hapa chini, na aweke namba ya ukurasa. "Ni ubunifu tu mkuu" sijibu.