Nataka kugombea Usimamizi wa Uchaguzi wa kaunti, Florida 2028. Nianzie wapi?

Nesi_wa_Ghuba:
Wakuu, salaam. Nina uraia wa Marekani na nimejiandikisha kupiga kura katika kaunti yangu hapa Florida. Nafikiria kugombea kiti cha Msimamizi wa Uchaguzi 2028. Kwa walio nyumbani: huku mwendesha uchaguzi hateuliwi kama makamishna wa IEBC ya Kenya au INEC ya Tanzania. Kila kaunti inamchagua wake kwa kura, anakaa miaka 4, na wengi husimama kwa tiketi ya chama. Naomba kujua karatasi gani zinatangulia, gharama zikoje, na kazi yenyewe inataka nini. Mimi ni muuguzi, siasa sijawahi kuigusa.

MzeeWaFomu:
Dada, kwanza, uuguzi hospitali ipi? Kama ni ya maveterani, wewe ni mtumishi wa serikali kuu, na sheria inayoitwa Hatch inakukataza kugombea kiti cha kichama. Kusimama bila chama hakukuokoi, maana kinachotazamwa ni kiti chenyewe. Wafanyakazi wa posta vilevile. Hospitali binafsi haina shida hiyo.

Kama uko huru, karatasi ya kwanza ni DS-DE 9. Ndiyo inayomtaja mweka hazina wako na benki ya kampeni, na inapelekwa ofisi ya msimamizi wa uchaguzi aliyepo, ndiyo, huyo huyo unayetaka kiti chake. Kabla haijapokelewa usichangishe hata senti, usichapishe kadi kwa pesa yako, usikusanye saini za wadhamini. Ndani ya siku 10 baada yake unawasilisha DS-DE 84, tamko kwamba umeisoma sheria ya fedha za kampeni. Isome kweli.

Kaunti67:
Tarehe ndizo zinazoangusha watu kuliko pesa. Kwa sheria ilivyo, mchujo wa vyama wa 2028 unaangukia 22 Agosti, na dirisha la wagombea wa kaunti kujiandikisha rasmi ni kuanzia saa sita mchana 12 Juni hadi saa sita mchana 16 Juni. Ukifika saa sita na dakika tano siku ya mwisho, umekwisha.

Ila tarehe inayosahaulika ni ya mwaka mmoja kabla. Ukitaka tiketi ya chama, lazima uwe umeandikishwa kwenye chama hicho siku 365 kabla dirisha halijafunguliwa, yaani katikati ya Juni 2027. Asiye na chama naye asiwe amekuwa mwanachama wa chochote muda huo huo. Angalia kadi yako ya mpiga kura leo, usingoje. Bunge la jimbo hurekebisha sheria za uchaguzi karibu kila mwaka, kwa hiyo chukua mwongozo mpya wa wagombea kila unapotoka.

bila_chama_bila_deni:
Mimi ningemshauri asimame bila chama. Ada ni asilimia 4 ya mshahara wa kiti kwa mwaka, wa chama analipa 6. Mshahara ukiwa dola 150,000, hiyo ni 6,000 dhidi ya 9,000. Na unaruka mchujo, unakutana nao Novemba tu.

Kaunti67:
Hesabu ni sahihi, siasa yake ndiyo ngumu. Uchaguzi huu unafanyika mwaka wa urais, na watu wengi wanateremka kwenye karatasi kwa kufuata chama. Asiye na chama atumie mara mbili ya nguvu ili jina lijulikane. Akiwa na kaunti ndogo ambako watu wanamfahamu, sawa.

Ada yenyewe inakwepeka kwa saini za wadhamini: asilimia 1 ya wapiga kura wa kaunti. Wapiga kura 300,000, saini 3,000. Kusanya 3,700, maana nyingi zitakatwa: mtu anaishi kaunti ya jirani, saini haifanani na iliyo kwenye faili, au wewe ndiye umemjazia tarehe. Tarehe lazima aiandike mwenye saini. Uhakiki ni senti 10 kwa kila moja, na mwisho wa kupeleka ni saa sita mchana 15 Mei 2028. Peleka kwa mafungu kila mwezi ujue zinakatwa kwa sababu gani ungali na muda.

Ukilipa ada, cheki itoke akaunti ya kampeni. Ya binafsi hairuhusiwi.

HarambeeBado:
Hapa kwenye michango ndipo jamii yetu itakapokuponza. Kikomo ni dola 1,000 kwa mchangiaji kwa uchaguzi mmoja, na mchujo na uchaguzi mkuu vinahesabiwa mbalimbali. Taslimu mwisho dola 50. Kapu la kupitisha kanisani au kwenye harusi halifai, kwa kuwa kila mchango unahitaji jina na anwani, na ukizidi 100, kazi ya mtoaji pia.

Kaka aliye Mombasa au Mwanza, ambaye si raia wala hana kadi ya kijani, haruhusiwi kuchanga hata kidogo, iwe kwa M-Pesa au kwa kumpitishia binamu wa Tampa. Kumpitishia binamu ni kosa la pili, kuchanga kwa jina la mwingine. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Lakini asijiandikishe kupiga kura ili kukupigia! Hilo linaweza kumgharimu makazi yake.

Ripoti ya fedha ikichelewa faini ni dola 50 kila siku kwa siku tatu za kwanza, kisha 500 kila siku, zinatoka mfukoni mwako.

MzeeWaFomu:
Kuhusu kazi: omba kuwa karani wa kituo kwenye uchaguzi wowote kabla yake. Kisha hudhuria jaribio la wazi la mashine za kuhesabia, pamoja na vikao vya bodi ya kuhakiki kura, vyote viko wazi kwa umma. Tazama kura za posta: zinazokwenda ng'ambo na kwa wanajeshi hutumwa siku 45 kabla, za ndani lazima zifike saa moja usiku siku ya kura, na mwenye saini isiyofanana ana hadi saa kumi na moja jioni siku ya pili baada ya uchaguzi kurekebisha. Simu zote za siku hizo mbili zinaishia kwenye meza unayoitaka.

Kosa baya kuliko yote ni la ramani. Mipaka ikibadilishwa, mtaa mmoja ukiingizwa wilaya isiyo yake, wakazi wake wanapewa karatasi yenye wagombea wa watu wengine, na kura ikishaingia kwenye mashine hakuna wa kuitoa.

Nesi_wa_Ghuba:
Hospitali yangu ni binafsi, ahsanteni. Swali dogo: jina langu huku linawashinda. Nilifupishe?

Kaunti67:
Amua kabla ya kuapa, maana jina halibadiliki baada ya dirisha kufungwa. Kwenye fomu ya kiapo kuna sehemu ya kuandika linavyotamkwa, kwa ajili ya kura ya sauti ya wasioona. Usiiache wazi. Liandike kwa silabi kama sikio la Kiingereza linavyolisoma, kisha mpe mtu asiyekujua alisome kwa sauti kabla hujatia sahihi.